Wi-Fi ya Nyumbani na Bando Linaloisha Kabla ya Wiki

Tangu ruta ndogo za laini ya simu zianze kuonekana sebuleni katika nyumba za Kanyenye, Isevya, Cheyo na mitaa mingine ya Tabora, kumezuka lalamiko moja linalosikika vijiweni, maofisini na kwenye maduka ya vocha. Mtu husema kwamba alipokuwa akitumia bando kwenye simu yake, gigabaiti 10 zilimfikisha mwisho wa mwezi, lakini baada ya kununua ruta na kuweka gigabaiti 30, bando limekata wiki haijaisha. Wanaomsikiliza humpa moja kati ya sababu tatu: kampuni ya simu inaiba, jirani ameingia kwa siri, au ruta yenyewe inakula data. Ya kwanza inaweza kuchunguzwa kwa ushahidi, ya pili hutokea kweli, na ya tatu haina msingi. Sababu iliyo kubwa kuliko zote haitajwi kabisa, nayo ni kwamba simu, kompyuta na televisheni zimetengenezwa ziwe na mwenendo mmoja zinapotumia bando la laini na mwenendo tofauti kabisa zinapoona Wi-Fi.

Ili jambo hilo lieleweke, ni vema kwanza tukubaliane juu ya vitu vinavyotajwa. Intaneti ni muungano wa kompyuta za dunia nzima, ambazo baadhi yake ndizo zinazotunza video, picha na kurasa tunazozitafuta. Data ni taarifa inayosafiri kati ya kompyuta hizo na kifaa chako, na kiasi chake hupimwa kwa megabaiti na gigabaiti, ambapo gigabaiti 1 ni takriban megabaiti 1,000. Bando, au kifurushi, ni kiasi cha data ulichokilipia kabla kwa muda maalumu. Ruta ni kifaa kinachopokea intaneti kutoka nje na kuigawa kwa vifaa vya ndani, na Wi-Fi ni mawimbi ya redio ambayo ruta huyatumia kuigawa. Hotspoti ni simu iliyopewa kazi ya ruta kwa muda.

Bomba la ndani na mita ya nje

Mkazi wa Tabora anaweza kulielewa jambo hili kwa kutazama maji yake. Maji ya Ziwa Victoria huvutwa Ihelele, wilayani Misungwi, yakasafiri kwa bomba kubwa kupitia upande wa Nzega hadi mjini kwetu, kisha yakapita kwenye mita ya nyumba, na baada ya mita yakagawanyika kwenda jikoni, bafuni na uani. Intaneti nayo hutoka mbali. Sehemu kubwa ya mawasiliano ya Tanzania na nchi za nje hupita katika nyaya za faiba zilizolazwa chini ya bahari hadi Dar es Salaam. Waya wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009 na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Kutoka pwani, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani nyaya za faiba zilizotandazwa nchi kavu, huyafikisha mawasiliano hayo mikoani, mnara wa simu huyarusha hewani, na laini iliyomo ndani ya ruta huyapokea. Wi-Fi huanzia hapo tu. Ni mabomba ya ndani ya nyumba, na mita imekaa nje yake.

Ndiyo maana kauli ya kwamba “nipo kwenye Wi-Fi, kwa hiyo situmii bando” ni ya kweli kwa mgeni pekee. Ukiwa ofisini au hotelini, bando lako halitumiki kwa sababu kuna mwingine anayelipa. Nyumbani kwako mwenyewe, ambako ruta inatumia laini uliyoiwekea kifurushi, kila kinachopita kwenye Wi-Fi kinahesabiwa kwenye laini hiyo, kiwe kimevutwa na simu yako, ya mtoto, au ya shemeji aliyekuja kusalimia. Ruta yenyewe hutumia data kidogo mno, kwa mfano inapotafuta toleo jipya la programu yake. Inayobaki yote imeombwa na vifaa vilivyounganishwa nayo.

Kwa nini simu hujiachia ikiona Wi-Fi

Hapa ndipo penye kiini cha suala lote, na hapa ndipo ninapotaka msomaji anifuatilie kwa utulivu. Programu nyingi tunazozitumia zimetengenezwa na watu wanaoishi katika miji ambako nyumba huunganishwa kwa kebo na kulipiwa kiasi kilekile kila mwezi, gigabaiti zisihesabiwe au zihesabiwe kwa kikomo kikubwa ambacho familia ya kawaida haikifikii. Katika miji hiyo, kilichopimwa kwa uchungu ni data ya laini ya simu. Watengenezaji wakaweka kanuni inayowafaa watu wao: kifaa kikiwa kwenye data ya laini, kibane matumizi, kikiwa kwenye Wi-Fi, kijiachie. Kanuni hiyo imekuja na simu zetu mpaka Tabora, ambako Wi-Fi ya nyumba nyingi inalishwa na bando lilelile la laini. Simu haijui hivyo. Inaona Wi-Fi, inadhani imefika kwenye chemchemi isiyokauka.

Tuitazame WhatsApp, kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwa wengi. Kwa mpangilio inaokuja nao, WhatsApp ikiwa kwenye data ya laini hupakua picha peke yake, na video husubiri mpaka uziguse. Ikiwa kwenye Wi-Fi, hupakua picha, sauti, video na nyaraka zote bila kuuliza. Kikundi kimoja cha WhatsApp kinaweza kuwa na wanachama hadi 1,024, na mtu wa kawaida yumo katika kikundi cha ukoo, cha mtaa, cha kanisa au msikiti, cha waliosoma pamoja, na cha harusi inayochangiwa mwezi huo. Video iliyotumwa usiku kwa nia njema, ambayo hutaitazama kamwe, tayari imeshashuka kwenye simu yako kabla hujaamka. Isitoshe, Wi-Fi haina ghala la pamoja la nyumba. Ikiwa watu watano wa familia moja wamo katika kikundi kimoja cha ukoo, video ya megabaiti 20 itapakuliwa mara tano, na bando la nyumba litapungua kwa megabaiti 100 kwa ajili ya kitu kimoja.

YouTube nayo ina mpangilio wa ubora wa video kwa Wi-Fi ulio tofauti na ule wa data ya laini. Duka la programu la simu za Android, likiachwa kama lilivyo, husubiri Wi-Fi ili lisasishe programu zote zilizopitwa na wakati. Programu ya kutunza picha husubiri Wi-Fi ili ipandishe picha na video zako mtandaoni, na watu wengi husahau kwamba kupandisha nako kunahesabiwa sawasawa na kupakua. Kompyuta mpakato yenye Windows, ambayo pengine ilikaa miezi miwili bila intaneti, ikionja Wi-Fi huanza kuvuta masasisho yaliyolimbikizana, na sasisho kubwa moja linaweza kufikia gigabaiti kadhaa. Hakuna hata moja kati ya haya linalokutangazia kwa sauti kwamba limeanza.

Mlaji mkubwa kuliko wote, hata hivyo, ni televisheni janja. Kioo chake ni kikubwa, kwa hiyo huomba picha safi zaidi kuliko simu, nayo haina laini, wala haikuwahi kufundishwa kubana. Netflix, huduma ya filamu za mtandaoni, yenyewe huwaeleza wateja wake kwamba saa moja ya picha ya kiwango cha kawaida hutumia takriban gigabaiti 1, na ya kiwango cha juu hadi gigabaiti 3. Kwa kipimo hicho cha juu, saa 10 za kutazama zinatosha kumaliza gigabaiti 30, na saa 10 ni jioni nne za katuni za watoto na tamthilia ya wakubwa. Nyumba inayolalamika kwamba imeibiwa mara nyingi ni nyumba iliyonunua televisheni hiyo karibuni.

Tiba yake haihitaji fundi wala kununua kifaa kipya. Simu nyingi za Android, ukigusa jina la Wi-Fi uliyounganishwa nayo katika mipangilio, zinakuruhusu kuitambulisha Wi-Fi hiyo kama mtandao unaopimwa. Ukishafanya hivyo, duka la programu huahirisha masasisho na programu nyingi hurudi kwenye adabu zilizokuwa nazo kwenye bando la simu. Windows ina swichi ya namna hiyohiyo kwenye mipangilio ya Wi-Fi, na simu za iPhone zimekuwa na hali ya matumizi madogo ya data tangu mwaka 2019. Inafaa kujua pia kwamba simu ya Android inapochukua hotspoti kutoka kwa simu nyingine ya Android, huarifiwa kimyakimya kwamba data hiyo inapimwa. Ruta ndogo za laini kwa kawaida hazitoi taarifa hiyo, na hii ni sababu mojawapo ya watu kuona hotspoti ya simu ikidumu kuliko ruta. Kwenye WhatsApp, fungua sehemu ya hifadhi na data, kisha ondoa video na nyaraka katika orodha ya vinavyopakuliwa vyenyewe kwa Wi-Fi. Kwenye televisheni, shusha ubora wa picha ndani ya kila programu ya video. Kazi hii ifanywe kwenye kila kifaa cha nyumba, kwa sababu kifaa kimoja kilichosahauliwa kinatosha kurudisha lalamiko lilelile.

Je, 4G inakula bando kuliko 3G?

Swali hili huulizwa karibu kila mara, na jibu lake lina pande mbili. 2G, 3G na 4G ni vizazi vya mtandao wa simu, na chenye namba kubwa ndicho chenye kasi zaidi. Faili la megabaiti 100 ni megabaiti 100 kwenye 2G, 3G, 4G au faiba. Kasi hubadilisha muda wa kulipokea na haibadilishi ukubwa wake. Lakini video za mtandaoni hupima kwanza kasi iliyopo, na zikiiona ni kubwa hujipandisha ubora zenyewe, hivyo dakika 10 zilezile huja na data nyingi zaidi. Anayesema 4G inamaliza bando ameona jambo la kweli, isipokuwa dawa yake ni kuufunga ubora wa video mahali pamoja, kwa kuwa kurudi 3G ni kujinyima kasi katika mambo mengine yote.

Katika kasi mna mtego mwingine wa vipimo. Kasi hutangazwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali bando huuzwa kwa megabaiti na gigabaiti, na baiti 1 ni biti 8. Mtu aliyeambiwa kwamba atapata megabiti 16 kwa sekunde anapokea megabaiti 2 tu kila sekunde, na filamu ya megabaiti 700 itamchukua takriban dakika sita. Hajapunjwa. Kuhusu vifurushi vinavyoitwa visivyo na kikomo, soma masharti yake kabla ya kulipa, kwa kuwa vingi hupunguza kasi kwa nguvu baada ya kufikia kiasi fulani cha matumizi, na kiasi hicho huandikwa mahali pasipoonekana kwa urahisi.

Jirani na neno la siri

Wizi wa Wi-Fi upo, ila mara nyingi mlango hufunguliwa kutoka ndani. Ruta huja na jina na neno la siri lililobandikwa chini yake, na kila aliyewahi kuigeuza amelisoma. Zaidi ya hapo, simu za Android tangu toleo la 10 la mwaka 2019 zinaweza kuonyesha alama ya mraba ya kuskani, ambayo mtu mwingine akiipiga picha anaunganishwa bila kutajiwa neno lolote. Mtoto wako anaweza kumwonyesha rafiki yake alama hiyo, rafiki akampa kaka yake, na wewe hujui.

Kuna maneno ya siri mawili, na watu wengi hubadilisha moja tu. La kwanza ni la kujiunga na Wi-Fi. La pili ni la kuingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa ruta, ambao hufunguliwa kwa kuandika kwenye kivinjari namba iliyo kwenye kibandiko, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1. Ndani ya ukurasa huo utaona orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Hesabu vifaa vya nyumbani mwako, na kile usichokitambua kitakuwa kimejitaja. Badilisha maneno yote mawili, na katika aina ya ulinzi chagua WPA2 au WPA3. Kulificha jina la Wi-Fi lisionekane, ambako wengi wanakuamini sana, hakuzuii kitu, kwa sababu programu za bure za kutafuta mawimbi hulibaini.

Wapo pia wanaoogopa kujiunga na Wi-Fi ya mwenye nyumba wakidhani atasoma ujumbe wao. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa msimbo kutoka simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji tangu Aprili 2016, na mwenye ruta hawezi kuufungua. Kurasa za benki na tovuti nyingi za leo nazo husafiri zikiwa zimefungwa. Anachoweza kukiona mwenye ruta, kama ana ujuzi, ni majina ya tovuti ulizotembelea na wingi wa data uliyotumia. Kwa wapangaji wanaochangia Wi-Fi moja, hiki cha pili ni cha haki, kwani ndicho kinachowawezesha kugawana gharama bila kununiana.

Alama zimejaa lakini haifungui

Alama za Wi-Fi zilizo juu ya kioo cha simu zinaeleza jambo moja tu, yaani nguvu ya mawasiliano kati ya simu na ruta. Hazisemi lolote kuhusu mnara, mkongo wala bahari. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za SEACOM na EASSy zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, intaneti ilizorota Tanzania nzima huku alama za Wi-Fi zikiwa zimejaa sebuleni, na kuzima na kuwasha ruta hakukuweza kusaidia.

Kwa siku za kawaida, fanya jaribio dogo. Keti karibu kabisa na ruta na upime kasi. Ikiwa ni nzuri hapo na mbovu chumbani, tatizo ni Wi-Fi, na kununua kifurushi kikubwa zaidi ni kupoteza fedha. Ikiwa ni mbovu hata hapo, tatizo liko kati ya ruta na mnara au mbele zaidi, na kile kifaa cha kuongeza nguvu ya Wi-Fi unachouziwa dukani hakitaleta tofauti, kwa kuwa kitasambaza kwa nguvu kitu ambacho hakipo.

Nyumba zetu zenyewe huchangia. Wimbi la Wi-Fi la gigahezi 2.4 lina urefu wa takriban sentimita 12.5, na la gigahezi 5 karibu nusu ya hapo. Hili la pili lina kasi zaidi lakini huchoka upesi linapokutana na ukuta wa tofali za kuchoma. Wavu wa mbu wa chuma wenye matundu ya milimita mbili, ambayo ni madogo mno kuliko urefu wa wimbi, ni ukuta mzito kwa mawimbi yote mawili, na pia kwa yale yanayotoka mnarani. Bati nalo huyarudisha yalikotoka. Miembe iliyoufunika mji wetu, ambayo hakuna atakayependa ikatwe, hunyonya sehemu ya mawimbi kwa maji yaliyomo majanini, hasa masika inapokuwa imelowa. Kwa hiyo ruta ya laini ipate mahali pa juu, karibu na dirisha au mlango unaoelekea mnara, na kama dirisha hilo lina wavu, wa plastiki unafaa zaidi. Kuiweka ndani ya kabati ili isishikwe na watoto ni kuifungia mawimbi pande zote mbili.

Kabla ya kwenda kulalamika

Sisemi kwamba kampuni za simu hazikosei. Mitambo ya kuhesabu hutengenezwa na watu, na mteja ana haki ya kuuliza fedha yake imekwenda wapi. Lakini atakayeuliza akiwa na hesabu mkononi atajibiwa tofauti na atakayekwenda na hasira peke yake. Siku unaponunua kifurushi, futa hesabu ya zamani kwenye ukurasa wa ruta ili ianze sifuri, na uandike tarehe na saa. Simu za Android na kompyuta za Windows huonyesha matumizi ya kila programu. Tazama ni ipi iliyoongoza, na uhakikishe unasoma sehemu ya Wi-Fi, kwani hesabu ya data ya laini huwekwa peke yake. Bando likikata, linganisha hesabu ya ruta na kiasi ulichonunua. Tofauti ndogo ni ya kawaida, kwa sababu kila data husafiri na anwani zake, nazo huhesabiwa, na pengine hurudiwa ikipotea njiani. Ikiwa ruta inaonyesha gigabaiti 18 na kampuni inasema umemaliza 30, piga picha ya ukurasa huo, nenda katika duka la huduma kwa wateja, omba maelezo ya matumizi kwa tarehe, na uchukue namba ya lalamiko lako. Usiporidhika na majibu, peleka lalamiko hilo TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ukiambatisha namba uliyopewa na picha ya hesabu ya ruta.